Raundi Nne kwa Mbili

Mwatum Nahodha alifundisha hesabu miaka thelathini na moja katika skuli za mjini Unguja, na waliomjua wasingemdhania kuwa mpenzi wa ngumi. Alianza kuziangalia kwa ajili ya mumewe. Machano alikuwa fundi umeme, akipenda mapambano ya televisheni tangu ujana, na maradhi ya sukari yalipomwondolea macho hakukubali kuacha mapambano. Basi Mwatum akawa anakaa ubavuni mwake, kwenye fleti yao ya ghorofa ya tatu Michenzani, anamtangazia. Mwanzo alikuwa akisema fulani anacheza vizuri, fulani amechoka. Machano akamkataza.

"Usinambie nani mzuri," alisema. "Nambie nani kapiga, na ngumi imefika wapi."

Kwa miaka sita Mwatum alitangaza hivyo tu, na kila raundi ikimalizika huandika pointi kwenye buku: kumi kwa aliyeshinda, tisa kwa mwenziwe. Machano alipofariki, aliendelea kuangalia na kuandika peke yake.

Ghorofa ya kwanza akikaa Bi Shahida na wanawe wawili. Mkubwa, Tahir, alikuwa akipaka rangi nyumba mpya za Fumba, na akitoka kazini hufanya mazoezi ya ngumi. Zamani asingepigana kwao. Kwa miaka mingi ngumi hazikuruhusiwa Unguja, na aliyezitaka ilibidi avuke kwenda Dar es Salaam. Ziliporudi, Tahir akapangiwa pambano la raundi sita mjini, dhidi ya bondia wa Morogoro aitwaye Ayoub Mkude.

Bi Shahida hakuwa na moyo wa kwenda. Alisema akimwona mwanawe anapigwa atapanda ulingoni mwenyewe. Siku moja kabla ya pambano alipanda ngazi kumwomba Mwatum aende kwa niaba yake.

"Wewe unajua kuangalia," alimwambia. "Nenda, kisha uje unieleze."

Mwatum alikuwa hajawahi kuingia kwenye ukumbi wa ngumi. Alikwenda Jumamosi baada ya sala ya alasiri, amevaa buibui lake, buku ndani ya mkoba, akapata kiti safu ya nne. Kilichomshangaza ni mlio. Kwenye televisheni hakuwahi kusikia ngumi ya mbavu inavyolia, kama godoro linalokung'utwa vumbi. Mara ya kwanza alifumba macho, halafu akakumbuka alichotumwa, akayafumbua.

Tahir alianza kwa kasi. Ngumi yake ya kushoto ilikuwa ndefu, ikafika usoni mwa Ayoub mara nyingi, na Mwatum akampa raundi mbili za mwanzo bila ya kusita. Ayoub alikuwa mtu mzima kidogo, mfupi, na kwenye kona yake alikuwapo mzee mmoja tu mwenye ndoo na taulo. Hakuna aliyemshangilia. Raundi ya tatu akaacha kurudi nyuma. Alikuwa akiinama chini ya ule mkono mrefu, anapiga mbavu, anatoka. Ukumbi ulipiga kelele kila Tahir aliporusha ngumi, lakini Mwatum aliangalia zinapofikia, na nyingi ziliishia kwenye mikono ya Ayoub. Mwisho wa raundi ya tano Tahir alikaa kwenye kigoda ameshika ubavu wake wa kulia. Ya sita ilikaribiana, na hiyo nayo Mwatum alimwandikia mgeni.

Majaji wawili walimpa Tahir, mmoja akampa Ayoub. Watu walisimama juu ya viti. Ayoub alimnyanyua mkono Tahir, akamwambia neno sikioni, akashuka ngazi, na mzee wake nyuma na ndoo. Mwatum alijumlisha tena alichoandika. Kisha akafunga buku, akatoka kwenda kusali magharibi.

Aliporudi, nyumba ya Bi Shahida ilikuwa imejaa. Khabari zilikuwa zimeshafika kwa simu, na watu wanakunywa sharbati. Bi Shahida alimvuta jikoni, akataka kuelezwa yote. Mwatum alimweleza raundi moja moja, nani alipiga, ngumi ilifika wapi. Bi Shahida alisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ukawa unabadilika.

"Kwa hivyo hakushinda?"

"Majaji wamempa."

"Nakuuliza wewe, Mwalimu."

"Mie nlimpa mwenziwe. Raundi nne kwa mbili."

Bi Shahida aligeukia jiko, ijapokuwa hapakuwa na chungu juu yake. Alisema yeye alimtuma akamwangalie mwanawe, hakumtuma akamsahihishe. Mwatum akaaga, akapanda kwake.

Siku ya nne Tahir alibisha hodi. Alitoa shikamoo, Mwatum akaitikia, akamkaribisha. Alikaa taratibu, kwa sababu ubavu ulikuwa bado unauma, akaomba kuliona buku. Alilisoma kwa muda mrefu.

"Raundi ya sita nlidhani yangu," alisema.

"Ulirusha zaidi yake. Zilizofika ni chache."

Hakubisha. Alisema Ayoub alimwambia pale ulingoni kwamba yeye Tahir akimaliza kupiga kushoto anaushusha mkono, na angependa kujua kama Mwatum aliliona hilo. Mwatum alikuwa ameliona tangu raundi ya tatu. Walilizungumza mpaka chai ikapoa.

Tangu hapo Tahir amepigana mara nne, ameshinda mbili na kushindwa mbili. Pambano la marudiano na Ayoub lilizungumzwa, halikufanyika. Bi Shahida alinyamaza mpaka Ramadhani, ndipo akamletea Mwatum bakuli la tambi kwa futari, na Mwatum akarejesha bakuli na kaimati. Wanasalimiana, wanaulizana hali, na Mwatum alipougua homa ni Bi Shahida aliyempikia uji. Ngumi hawazitaji. Mwanawe anapopigana, Bi Shahida humtuma mdogo wake Tahir, naye hurudi kumwambia kuwa mambo yalikwenda vizuri. Mwatum naye huenda, hukaa safu ya nyuma, na akimkuta kijana huyo mlangoni wakati wa kutoka, humpa salamu ampelekee mama yake.