Kuta za Akina Lerato

Kila majira ya baridi, nyasi za vilima vya kusini mwa Johannesburg zinapochomwa, harufu ya moshi hunifikia hadi dirishani, nami humkumbuka Lerato na jinsi nilivyomwonea wivu.

Tulisoma darasa moja. Mimi niliishi mtaa wa Hillbrow, katikati ya jiji, na mama, msusi aliyetoka Bukavu, Kongo. Yeye alikuwa mtoto wa hapahapa. Siku moja mwalimu alitupeleka kuona ngome ya kale juu ya kilima. Basi zima lilinuka mayai ya kuchemsha. Kule juu tulikuta kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, duara ndani ya duara. Mwanaakiolojia mmoja, mama mwenye kofia pana na magoti yaliyojaa vumbi, alituonyesha zizi la ng'ombe katikati, kisha ukingo ambako walinzi walimwona adui angali mbali.

Akamuuliza Lerato ukoo wake. Lerato akautaja kwa sauti ndogo.

"Basi huenda hapa ni kwenu," alisema yule mama. "Tangulia wewe."

Lerato akapita kwenye upenyo wa ukuta, darasa zima likimtazama kama bibi harusi. Nilimwombea ajikwae. Hakujikwaa.

Jioni nilimuuliza mama, "Na sisi kwetu kuna kuta kama zile?"

Aliendelea kumsuka mteja wake. "Nyumba yetu ilikuwa ya mbao, mtoto wangu."

"Bado ipo?"

"Sijui, kweli."

Kwa siku kadhaa sikumsemesha Lerato, na maskini hakujua amenikosea nini.

Mwaka jana nilirudi kilimani na binti yangu. Aliyetuongoza alitueleza kwamba wachimbaji walikuta vyungu vimeachwa mekoni, mtama umeungulia ndani. Vita vilikuwa vimefika. Watu walikimbia, wakatawanyika, na hakuna aliyerudi kuepua.

Binti yangu alikuwa ameshachoka, anataka juisi. Mimi sikuweza kuondoka. Utoto wangu wote niliamini kwamba siku ile Lerato alionyeshwa kwao, mimi nikakosa. Kumbe alionyeshwa mlango ambao mabibi zake walitokea mbio, watoto mgongoni, kama mama alivyotoka Bukavu akiwa amenibeba.