Kaseti ya Mama Iliyocheza Mara Moja

Mtaa mzima ulimwita Fundi Waya, na yeye mwenyewe alikuwa ameshazoea kiasi kwamba ukimwita kwa jina la kwao angegeuka nyuma kutazama nani anaitwa. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya duka la viatu. Zamani alitengeneza redio. Redio zilipoacha kuharibika, au watu walipoacha kujali zikiharibika, akageukia kazi ya kuhamisha sauti kutoka kwenye kaseti na kuziingiza kwenye laptopu. Watu walimletea harusi zao, hotuba za marehemu baba zao, vicheko vya watoto ambao sasa wana vipara.

Kazi yenyewe haikuwa na uchawi. Alikuwa na deki kuukuu yenye spika zake, na waya mmoja mwembamba. Kichwa kimoja cha waya alikichomeka mgongoni mwa deki, cha pili kwenye tundu la maikrofoni la laptopu. Kaseti ikicheza, sauti inapita kwenye waya na kompyuta inairekodi, huku fundi akiisikiliza spikani. Lakini tundu lile lilikuwa limelegea. Kichwa cha waya kisipozama sawasawa, laptopu haikuambii kitu. Inatumia maikrofoni yake ndogo ya ndani na kurekodi chumba kizima, pamoja na kikohozi chako. Kwa hiyo kabla ya kila kazi Fundi Waya aligonga kifuniko cha laptopu kwa kidole. Mistari ya kijani ikiruka kwenye kioo, ujue waya haujakaa. Miaka kumi na moja hakuwahi kusahau kugonga, na wenzake walimcheka kwamba anabisha hodi kwenye kompyuta.

Kaseti moja tu hakuwahi kuigusa. Ilikaa kwenye droo, imefungwa kwa kitambaa, na ilikuwa ya mkewe.

Miaka ishirini na saba nyuma, alipokuwa kambini mbali akijenga barabara, mkewe alikuwa nyumbani na mtoto wa miezi mitano. Mke hakupenda kuandika barua. Alijirekodi kwenye kaseti akampa dereva wa lori aipeleke. Lori liliharibika njiani. Habari ya kifo cha mkewe ikatangulia, homa ya siku tatu tu, na kaseti ikafika baada ya mazishi. Fundi hakuicheza. Alisema ataicheza akipata nguvu, na nguvu zenyewe zikawa kila mwaka zinaahirishwa.

Yule mtoto alikuwa sasa mwanamke mzima, mshonaji, mwenye mimba ya miezi saba. Jumapili moja alimjia baba yake, akakaa kwenye stuli, akapumua.

"Baba, nakaribia kuitwa mama, na sijui mama yangu alikuwa na sauti gani."

"Nitaihamisha, mwanangu."

"Umesema hivyo tangu niko shule."

"Safari hii kweli. Njoo kesho ukitoka kazini, utaikuta tayari."

Hakutaka kumsikiliza mkewe mbele ya mtu. Hiyo ndiyo sababu ya kusema kesho, na tusimlaumu sana.

Kesho yake asubuhi alifunga mlango, akabadilisha kisponji kilichooza, kile kinachoukandamiza mkanda ndani ya kaseti, akachomeka waya. Aliona mkanda umechakaa, akajua pengine utacheza mara moja tu. Akapiga moyo konde, akabonyeza kurekodi, akabonyeza kucheza. Mistari ya kijani ikaanza kucheza, naye akaridhika. Hakugonga.

"Baba mtoto, hujambo huko?" mkewe akasema spikani.

"Sijambo, mama," akajibu kwa sauti. Ilimtoka tu.

Mkewe akamwambia paa linavuja; naye akasema, "Nitaliziba nikirudi." Akamwambia kwamba jirani amemletea kuku, halafu kuku mwenyewe akatoroka, na fundi akacheka hadi akapiga meza. Dakika tisa nzima mzee aliongea na mkewe. Hakuwahi kuwa na furaha namna ile tangu ujana wake. Mwishoni mke akasema, "Sasa mwambie huyu mtoto, siku akiwa mkubwa, kwamba..." Hapo fundi akaangua kilio, kile kilio kilichokuwa kikidai chake kwa miaka yote, na aliponyamaza kaseti ilikuwa imekwisha.

Akafuta uso, akafungua alichorekodi ili akihakikishe. Akasikia kiti chake kikilia. Akasikia "Sijambo, mama" kubwa kama ngoma, na nyuma yake mwanamke mmoja mbali sana, kama aliye chumba cha tatu.

Alirudisha kaseti nyuma taratibu kwa kalamu, akaibonyeza tena. Deki ikakwaruza, ikanyamaza. Alipoitoa, unga wa kahawia ulikuwa umebaki kwenye deki, na mkanda umebaki mweupe, hauna sauti tena.

Binti alikuja saa kumi na moja. Fundi alimweleza yote, hakujitetea hata kidogo. Binti alivaa spika za masikioni, akasikiliza macho yamefumba, mkono juu ya tumbo. Akatabasamu kwenye kuku. Halafu akafika mwishoni, akakunja uso, akarudisha, akaongeza sauti hadi mwisho, akarudisha tena.

"Baba, hapa anasema niambiwe kitu."

"Ndiyo."

"Kisha ni wewe tu. Alisema nini?"

Mzee alifungua mdomo. Yangemjia mengi matamu ya kumpa, na hakuna duniani ambaye angemkosoa. Binti alikuwa akimtazama kwa macho ya mama yake, akingoja.

"Sikusikia, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nalia."

Binti akageukia laptopu, akairudisha tena pale pale, akainama karibu na kioo.