Diski Kubwa Inangoja Mwenzake

Juzi nilikuwa studio moja ya picha pale Kanduyi, kwenye foleni nyuma ya maharusi wapya, bwana wa Bungoma na bibi wa Kitale. Diski moja ya studio ilikuwa imekufa.

"Picha zenu ziko," mwenye studio akasema. "Hii programu ya bure inaweka nakala ya kila kitu kwa diski zote mbili. Nimebadilisha iliyokufa na kubwa zaidi."

"Kwa hivyo nafasi imeongezeka?" bwana akauliza.

"Bado. Nakala lazima zitoshe kote, mpaka ile ndogo iliyobaki pia ibadilishwe."

Bibi akamgeukia mumewe, mkono kiunoni. "Umesikia? Mimi naongea Kibukusu na mama yako. Wewe Kikuyu cha kwetu ni salamu tu."

Bwana akaipapasa ile diski ndogo pale mezani. "Na kubadilishwa, inauma?"

Mahubiri ya harusi yao hayakufika hapo, nina hakika.