Siku Nne kwa Ziwa Moero

Mwaka ambao binti yetu wa mwisho alihamia Lubumbashi kwa kazi, nyumba yetu ya Likasi ilibaki na watu wawili, mimi na mume wangu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi tangu ujana wangu. Mwezi wa tano nilianguka mbele ya watoto wa darasa la tatu, chaki ikiwa bado mkononi. Daktari alinipima, akasema presha ya damu imepanda sana, akaniandikia dawa.

"Na dawa ingine ni kupumzika, mama," aliniambia. "Toka Likasi siku tatu, siku nne. Uende mahali hakuna muntu wa kukuita jina."

Binti ndiye aliyetafuta mahali hapo. Alinitumia picha kwenye simu: mchanga mweupe, nyumba tatu za matofali zilizoezekwa nyasi, mitumbwi imelazwa ubavu, na nyuma yake maji mpaka macho yanapoishia. Kilikuwa kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Moero, mbele kidogo ya Kilwa, mji ulio kwenye ziwa hilo hilo. Mjane mmoja alikuwa akikodisha vyumba viwili na kuwapikia wageni samaki. Hakuna baa, binti aliandika, hakuna muziki, unasikia maji tu.

Niliitazama picha hiyo nikiwa nimevaa sweta mbili, maana mwezi wa sita asubuhi za Likasi zinauma. Nilichana karatasi kwenye daftari la shule, nikaandika mpango. Tutaondoka shule zikifungwa. Tutalala usiku mmoja kwa binti, kesho yake atatuendesha kwa jeep yake. Siku nne. Chandarua, dawa zangu, vitenge viwili vya kuogea, kofia ya papa, kama ninavyomwita mume wangu. Nilifurahi kuandika kuliko nilivyofurahi kwa muda mrefu.

Mume wangu aliisoma karatasi akiwa amesimama, miwani imeshuka puani. Alifika mwisho, akarudi juu, akasoma tena.

"Juu ya nini Moero?" aliniuliza sababu.

"Juu kule iko mchanga."

Aliikunja karatasi, akaiweka chini ya bakuli la sukari, akatoka kwenda kazini. Alikuwa anatunza stoo ya vipuri kwenye gereji moja mjini. Zamani alikuwa shofere wa malori makubwa, lakini alikuwa ameacha usukani miaka kumi na moja iliyopita, kwa sababu ya macho.

Jioni alisema ziwa lile lina mamba. Nilimpigia yule mjane, akaniambia watoto wake wanaoga kila siku mbele ya nyumba, wanajua pa kuoga. Kesho yake akasema kuna kichocho. Nikasema sitaingia kwenye matete, nitakaa mchangani. Siku ya tatu ilikuwa vumbi la barabara na kifua changu. Baadaye ikawa jeep ya binti, kwamba springi zake zimechoka. Kila nilipojibu, alirudi na neno jingine. Huyu ni mtu ambaye nilimjua kwa kukubali mambo. Tulipojenga jikoni nilichagua mimi, tulipowatafutia watoto shule nilichagua mimi. Sasa alikuwa anapigana nami juu ya siku nne.

Kisha binti akanipigia simu wakati wa mapumziko ya shule.

"Mama, juu ya nini haukuniambia?"

"Kukuambia nini?"

"Kama docteur amekukataza safari ya mbali. Papa amenipigia asubuhi. Anasema tuache, unaweza kufia ku njia."

Nilisimama uani mwa shule, watoto wakikimbia huku na huku, nikamwambia tu asifute safari. Daktari hakuwa amesema neno kama hilo. Mume wangu alikuwepo chumbani kwa daktari nilipoambiwa nipumzike.

Hapo ndipo wazo lilipoingia. Njia ya Kilwa ndiyo iliyokuwa njia yake ya mwisho alipokuwa shofere. Alipeleka chumvi na sabuni za mfanyabiashara mmoja, akirudi na samaki wakavu, na mara nyingine alikaa huko wiki mbili lori likiharibika. Babu zetu, wake na wangu, walitoka upande wa Maniema, na kwetu mume kuwa na nyumba ya pili, yaani mke mwingine, si jambo la kushangaza. Lakini linasemwa. Halifichwi. Nilianza kumwona mwanamke huyo, na nyumba yake kando ya barabara, na mtoto mwenye paji la uso la mume wangu. Nilifundisha hesabu siku hiyo na sijui nilifundisha nini. Kichwa kiligonga. Kwa siku nne niliweka chakula mezani bila kuketi kula naye, na yeye hakuuliza kwa nini. Kutouliza kwake nilikuchukua kama jibu.

Jumapili mchana nilikuwa nimekaa kwenye baraza nikishona tundu la chandarua. Sikuwa nimeacha maandalizi. Nilikuwa nimeamua nitakwenda hata kama ni mimi na binti tu. Mume wangu alikuja akaketi kwenye kiti cha pili. Sikuinua macho.

"Papa, weye iko na muke ku njia ya Kilwa?"

"Nani amekuambia?"

"Hakuna muntu. Minye njo nakuuliza."

"Hapana. Siko na muke."

"Basi iko nini kule? Mamba, vumbi, springi. Na mutoto umemudanganya ku telefoni. Iko nini?"

Alivua miwani akaiweka juu ya chandarua, karibu na mkono wangu.

"Macho yangu iko mazima, mama," alisema. "Ilikuwaka mazima siku zote."

Nilidhani sikumwelewa. Akaanza kueleza, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba. Ilikuwa saa nne ya asubuhi, baada ya kupita Kasomeno, kwenye kijiji kimoja kilichojengwa pande zote mbili za barabara. Mbele yake mwanamume alikuwa akisukuma baiskeli yenye magunia matatu ya makaa. Alipiga honi ya lori. Mwanamume alisogea, lakini gurudumu liliteleza kwenye mchanga, baiskeli ikarudi barabarani. Mume wangu alisikia mshindo upande wa kulia. Kwenye kioo aliona makaa yametawanyika, mtu yuko chini, na watu wanatoka majumbani wakikimbia, wengine na mapanga kwa sababu walikuwa wanakwenda shamba.

"Nikakimbia," alisema. "Nilifika ku polisi ya mbele, nikajitoa mikononi mwao. Patron, yule mfanyabiashara, akakuja. Akasema mambo imekwisha, yule muntu amepelekwa ku hopitali, nirudilie kazi. Nikamuuliza kama anaishi. Akasema, weye endesha gari."

"Na weye?"

"Niliendesha miezi miwili. Kila baiskeli, nasimamisha gari mpaka ipite. Njo nikasema ni macho."

Kwanza nilipata faraja, nakiri. Hakukuwa na mwanamke. Halafu, kabla sijameza mate, hasira ikapanda. Miaka kumi na moja nilikuwa nikimshika mkono tunapovuka barabara jua likizama. Tulikwenda pamoja kuchagua ile miwani, mimi nikamwambia fremu gani inampendeza. Kwenye kila sala nilimwombea macho.

"Unajua nilikuwa naomba nini?" nilimuuliza.

"Najua. Nilikuwa nasikia."

Niliingia ndani nikafunga mlango wa chumba.

Hasira ilichukua siku mbili. Ya tatu nilimwonea huruma, na huruma hiyo ikanifanya nibadilishe mpango bila kumwambia. Nilimwandikia binti: tuache Moero, twende Mwadingusha, ni karibu, kule pia kuna ziwa. Ni kweli lipo, la bwawa la umeme, na samaki wake ni watamu. Ila kando yake ni matete na tope, na sikutaka matete. Nilifuta kwenye karatasi neno Moero, nikaandika jipya juu yake.

Mume wangu aliikuta karatasi pale chini ya bakuli la sukari. Alikuja nayo jikoni.

"Rudisha vile ilikuwa," alisema.

"Hakuna njia ingine ya kufika Kilwa, papa. Nimeuliza."

"Najua hakuna. Rudisha. Nataka tupite pale, na nataka nishuke."

"Ushuke? Kama yule muntu alikufa? Kama bandugu yake bangali pale?"

"Njo nishuke nijue."

Tulibishana mpaka chungu kikaungua. Mimi, niliyeililia safari hiyo, sasa ndiye niliyekuwa nikitaja vumbi na springi. Nilimwambia tupite vioo vimefungwa, tusimwangalie mtu. Alisema alishapita hivyo mara moja. Nilimwambia basi amwambie binti kwa kinywa chake, maana ndiye atakayekuwa kwenye usukani. Akampigia palepale, simu ikiwa mezani tusikie wote. Alisema yote, hakupunguza.

"Tutasimama, papa," binti alisema. "Lakini minye sitazima motere."

Tuliondoka shule zilipofungwa. Lubumbashi tulilala, au tulilala binti na mimi; mume wangu nilimkuta alfajiri ameketi sebuleni, amevaa, viatu vimefungwa. Tulipita Kasomeno. Baada ya hapo alianza kutaja kona kabla hazijafika. Hapa kuna daraja. Hapa kuna mwembe uliokatwa. Sauti yake ilikuwa ya chini sana, na mimi niliyeketi nyuma yake niliona kola ya shati lake ikilowana, ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi.

"Hapa," alisema.

Binti aliegesha pembeni, motere ikinguruma. Nilishuka naye. Tulimwomba mama mmoja aliyekuwa akianika mihogo atuonyeshe nyumba ya chifu wa kijiji. Chifu alikuwa mtu wa makamo, mwenye kaptula na redio mkononi. Mume wangu alisalimu, akajitaja kuwa ndiye shofere wa lile lori. Hakukaa kwanza. Watu walianza kusogea, wanane, kumi. Hakuna aliyepaza sauti.

"Yule muntu iko," chifu alisema. "Iko ku shamba. Mungoje."

Tulingoja kwa muda wa karibu saa mbili. Binti aliishia kuzima motere mwenyewe, akaja akaketi kando yangu. Kisha mwanamume akatokea kati ya nyumba, mguu mmoja ukiwa umepinda kuanzia gotini, akitembea kwa fimbo. Alisimama mbele ya mume wangu.

"Njo weye shofere," alisema.

"Njo minye," mume wangu alikubali.

"Ile siku, nilikuwa chini, nilikuwa naangalia gari yako. Ilipunguza mwendo. Nikasema, anasimama. Halafu ikaenda."

"Niliogopa," mume wangu alisema.

"Niliona."

Mume wangu aliomba msamaha. Aliuomba kwa maneno machache, kichwa kimeinama, na mtu yule hakusema ametoa wala amekataa. Aliketi kwenye kigogo, akanyoosha mguu wake mbaya kwa mikono miwili. Akauliza tunakwenda wapi.

Nilijibu mimi, kwa sababu safari ilikuwa yangu.

"Ku ziwa. Kupumzika."

"Haya," alisema. "Muende mupumzike."

Sijui mpaka leo alilisema vipi neno lile. Nimelirudia kichwani kwa sauti zote, ya upole na ya kejeli, na zote zinafaa.

Tulifika jioni. Mchanga ulikuwa mweupe kama kwenye picha, na mjane alikuwa ametupikia samaki. Sitasema nilipumzika siku ya kwanza. Mume wangu aliketi mbele ya nyumba akiyapa maji mgongo. Siku ya pili niliingia ziwani mpaka magotini na kitenge changu, nikabaki pale asubuhi nzima, na nikatambua kwamba kichwa hakigongi. Siku ya tatu alikuja akasimama karibu nami. Aliniambia maji ni ya baridi kuliko alivyodhani. Hayo tu ndiyo tuliyozungumza.

Tuliporudi tulisimama tena pale kijijini. Mtu yule hakuwepo. Mke wake alituletea viti, lakini hakutuletea maji ya kunywa, na baada ya muda tukaondoka.

Tangu hapo mume wangu amekwenda kule mara tatu, peke yake, kwa magari ya abiria. Anakaa siku moja, anarudi. Mara ya kwanza nilimuuliza yeye na mtu yule walizungumza nini. Alisema walilima pamoja mstari wa karanga. Mara zilizofuata sikuuliza.