Chapati za Mabibo za Bi Mkubwa

Jumanne, tarehe 11 Novemba. Asubuhi manyunyu, mchana jua kali.

Mjukuu wangu ananihimiza niandike habari za kazi yangu. Sijui kama kupika chapati za maji majumbani mwa watu ni kazi ya kuandikwa, na shule yangu iliishia darasa la nne. Basi niandike niliyoyaona.

Nilianzia Kiongoroni, kwa Bwana Mganga wa zahanati. Siku ya kwanza mkewe alinipa upawa. "Mimina katikati, zungusha kikaango, usiparuze." Rojo, yaani unga uliokorogwa kwa tui, liwe jepesi. Chapati yangu ya kwanza ilichanika. "Hiyo ya mpishi," akasema. Nikaila. Alikuwa mkali, lakini nimpe haki yake: hakunificha kitu.

Bwana Mganga alipohamishwa, nikapata kazi Mkongo kwa Mwalimu Mkuu. Mwenye jiko pale alikuwa mama yake, tukimwita Bi Mkubwa. Ndiye aliyenifundisha kutia matunda: ndizi mbivu za kuponda, papai, na msimu wa korosho, maji ya mabibo, yale matunda ya mkorosho. Bibo lina ukakasi wa kukaba koo, kwa hiyo maji yake huchemshwa na chumvi kidogo, yakipoa ndipo unatia unga.

Mwaka mmoja Ramadhani iliangukia msimu huo, na Mwalimu Mkuu akamwalika shehe kufuturu. Mimi kwa kutaka kuwahi, nikakamua mabibo asubuhi, nikakoroga bila kuchemsha, nikafunika sufuria kando ya jiko la moto. Sikuonja, nimefunga. Alasiri nafunua, rojo lina povu, linanuka uraka, ile pombe yetu ya mabibo.

Labda lilikuwa limeanza kuchacha tu; mpaka leo siwezi kuapa. Lakini kumfuturisha shehe kwa kitu kile! Na nikisema, kazi sina. Nikafikiri kutia iliki nyingi kuua harufu. Niliishika kabisa mkononi.

Nikaiweka, nikampelekea Bi Mkubwa sufuria. Akanusa.

"Zuhura, ulitaka kumlewesha shehe wangu?"

"Hapana, Bi Mkubwa. Nilivivia kuchemsha. Nisamehe."

"Mwaga. Uponde ndizi, magharibi haitungoji."

Akaketi mwenyewe kuchochea kuni, na umri ule.

Barazani shehe akatania, "Mwalimu, si ulituahidi za mabibo?"

Bi Mkubwa akajibu kutoka mlangoni, "Mpishi wangu ameyatilia shaka, akayamwaga. Ndiyo maana namwachia jiko langu."

Wakanisifu. Nilikaa nyumba ile mpaka tulipomzika Bi Mkubwa.

Sasa magoti yamekataa jiko. Wapishi hodari nimewaona wengi. Mtu wa kumsitiri mwenzake namna ile, nimemwona yeye. Hakusema uongo, ila hakusema kwamba kosa lilikuwa langu, na sifa zile nilizipokea kimya. Nazirudisha hapa.

Jioni hii mjukuu wangu ametupikia chapati za mabibo, maji kayachemsha kwanza, tumekula na chai ya tangawizi. Ya kwanza ilimchanikia. Akaila mwenyewe.