Nimeishia getini Isikizya

Leo nimekunywa maji ya dua na sikustahili hata tone.

Nilikuwa na usaili wa kazi ofisi za halmashauri, Isikizya. Kufika getini, hofu ikanishika, nikaishiwa pumzi.
Mlinzi akaniuliza, "Kijana, unaingia?"
Nikamwambia namsubiri mwenzangu.
Mwenzangu gani? Nikageuza, nikarudi mjini.

Tangu nimalize chuo niko hivi, kila mlango wa usaili.

Sasa nafika nyumbani, mtaa wa Ng'ambo, nakuta viatu vya kina mama vimejaa barazani. Mama kawaita majirani wanisomee dua.

"Imekuwaje, baba?"

Wote wananitazama.

"Imeenda vizuri, mama."

Alhamdulillahi waliyoitoa, jamani! Nikapewa maji waliyoyasomea. Nikanywa.

Nyie mngesemaje pale?

Maji yaliyobaki mama kayafunika. Eti ya siku nitakayoanza kazi.