Gari la Namba Mlangoni: Kwenda Pweto Kumposea Ilunga

Sababu ya safari hii ilikuwa mdogo wangu Ilunga, aliyempenda msichana wa Pweto aitwaye Mwansa. Mara mbili tuliwaahidi wazazi wake kwamba tunakuja kuposa, na mara mbili hatukuonekana. Kwanza mafuta yalikosekana mjini, kisha lori tulilopanda likavunjika ekseli. Baba yake Mwansa akatuma neno kwamba safari hii ndiyo ya mwisho, kwa maana muuza samaki mmoja wa Kilwa, ile ya ziwani kwetu si ya pwani, ameshabisha hodi. Ilunga alikonda mpaka mimi dada yake, niliyezoea kumcheka, nikapunguza. Tukamwendea Ngoie, kaka mkubwa wa marehemu baba yetu, mwenye gari.

Kamalondo, mtaani kwetu mjini, asubuhi. Lilikuwa gari refu la Kimarekani, alilolinunua kwa mhandisi mzungu wa mgodini aliyekuwa anarudi kwao. Juu ya kitasa cha mlango wa dereva palikuwa na vibonyezo vitano, kila kimoja na namba mbili. Ukibonyeza namba zake kwa mpangilio wake, mlango unafunguka bila ufunguo. Kwa hiyo baba mkubwa aliuacha ufunguo ndani makusudi, uning'inie penye usukani watu wauone, akafunga mlango, halafu akalizunguka gari taratibu mpaka wapita njia waanze kumwonea huruma. Wakishamhurumia vya kutosha, alivua kofia, akafunika vibonyezo, akabonyeza, na mlango ukafunguka. Namba hizo hakumwambia hata mke wake. Asubuhi hiyo alitufanyia mchezo huo mara mbili, kwa sababu jirani mmoja alichelewa kufika.

Kasomeno, mchana, vumbi limetujaa mpaka kwenye nyusi. Kwenye kizuizi baba mkubwa akashuka, akafunga, akaanza kuzunguka. Askari akachungulia dirishani, akamwita mwananchi kwa Kifaransa, kama ilivyokuwa desturi ya siku hizo.

"Citoyen, funguo yako iko mu mutoka."

"Njo vile, citoyen."

"Sasa utafanya je? Tuvunje kioo?"

"Ngojea kwanza."

Kofia ikavuliwa. Mlango ulipofunguka askari walipiga makofi, wakataka kuona tena, wakaona tena. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu kupita kizuizi bila kuombwa hata sigara.

Kilwa tulilala. Ilunga hakulala. Kulipokucha alikuwa anachungulia kila duka la samaki njiani akijiuliza ni lipi la yule bwana, na mimi nikamwonyesha lile kubwa kuliko yote, ili apate kuumia vizuri.

Pweto, kando ya ziwa, alasiri. Mkeka ulikuwa umetandikwa uani kwa kina Mwansa. Desturi yao tuliijua: wanaume waliokuja kuposa wakishaketi, hawasemi wala hawainuki mpaka zawadi ya kufungua kinywa iwekwe mbele ya baba wa binti. Zawadi inaletwa na wanawake wao. Mwanamume mmoja akitoa neno kabla ya hapo, au jua likizama bila zawadi, wanarudi kwao, na shauri limekwisha.

Zawadi yetu, blanketi na chupa ya mvinyo, ilikuwa ndani ya gari. Baba mkubwa alishuka barabarani, akafunga mlango, ufunguo ndani. Watu wa Pweto walikuwa wengi na hawajaliona gari lile, kwa hiyo akaanza kulizunguka. Alikuwa amefika upande wa pili pale kaka zake Mwansa walipomshika mikono kwa heshima zote, wakampeleka, wakamketisha mkekani pamoja na Ilunga.

Baba yake Mwansa alitazama jua, akatutazama sisi.

"Tunangojea," akasema.

Ilunga akanitazama mimi. Mimi nikamtazama baba mkubwa. Baba mkubwa akatazama gari. Sikuwahi kumwona mtu mzima anayetamani kusema namna ile. Nikaenda mpaka mlangoni pa gari, nikageuka, nikamngojea. Ziwa lilianza kuwa jekundu. Ilunga alikuwa ameung'ang'ania ukingo wa mkeka kwa mikono miwili, na hapo kicheko kiliniisha kabisa, nikaogopa.

Mwishowe baba mkubwa akainua vidole vyake, chini chini, karibu na goti.

"Sioni," nikasema.

Shangazi yake Mwansa, Mama Chola, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mitumbwi, akasimama katikati ya uwanja. "Haina mambo, mutoto. Miye naona. Tatu!"

Nikabonyeza. Baba mkubwa, kusikia namba yake inatangazwa, akatikisa kichwa kwa uchungu.

"Anatikisa kichwa," akasema Mama Chola. "Ile iko zero."

Nikabonyeza sifuri. Akatikisa zaidi.

"Zero ingine."

Mlango haukufunguka. Watu walishika mbavu. Ilunga, ambaye naye hakuruhusiwa kusema, akakikamata kichwa cha baba yake mkubwa kwa mikono miwili, akakishikilia kisitikisike tena. Tukaanza upya. Vidole vikainuka juu sasa, juu kabisa, wazi kwa kila mtu.

"Tatu! Tano! Tano! Moja! Saba!" Mama Chola aliita, na uwanja mzima ukaitikia kila namba.

Mlango ukafunguka. Nikakimbia na blanketi na chupa, nikaviweka chini jua likiwa bado lina ukingo juu ya maji.

"Kinywa kimefunguka," akasema baba yake Mwansa. "Mwenye kusema aseme."

Neno la kwanza la baba mkubwa lilikuwa: "Bote mumesikia?"

"Bote," Mama Chola akajibu.

Baba yake Mwansa alikuwa wa mwisho kuacha kucheka. Akapangusa macho. "Nilikuwa nawaza kuwakatalia," akasema. "Bantu ya kuahidi na kukosa. Lakini huyu muzee, ile siri yake tumeona inavyomuuma, na ameitoa juu ya mutoto ya ndugu yake. Mwansa ataenda kwenu." Ilunga alilia waziwazi. Nami nililia kidogo.

Asubuhi ya kurudi tulikuta gari liko wazi. Mama Chola ameketi kiti cha mbele, vikapu vya samaki wakavu vimepangwa nyuma juu ya viti vya ngozi, na wajukuu wake wamelala kati ya vikapu.

"Tuko bakwe sasa," akasema. "Munipeleke nione kwenu."

Baba mkubwa alivua kofia, safari hii bila kufunika chochote. Akaingia, akawasha gari.

Niliondoka Kamalondo nikidhani ukwe unaanzia kwenye zawadi. Njia nzima ya kurudi, magoti yangu yakigusa masikio kwa ajili ya vikapu, nilielewa kwamba unaanza siku wenzako wanapoujua mlango wako na kuufungua bila kukuuliza, nawe unajibana kiti cha nyuma uwapishe.